Jinsi ya Kutamka "Mvua" Mugeta Bila Kuharibu Mbegu za Watu

Wewe unayeshuka Bunda mjini kuelekea Mugeta, anza kwa kufuta usemi mmoja kinywani: "hali mbaya ya hewa." Wingu zito likitanda Novemba, watu wakiwa na mbegu za pamba mkononi, hiyo ndiyo hali nzuri ya hewa. Ukitaka kununa kwa ajili ya viatu vyako vyeupe, nunia ndani ya gari.

Kisha jifunze viwango. Matone yaliyotuliza vumbi tu ni manyunyu, basi. Usimpigie mjomba simu kumwambia mvua imenyesha. Atapanda, jua litawaka wiki mbili, na mbegu iliyoota ikakauka hairudishwi dukani. Mvua ya kupandia ni ile iliyozama. Chimba kwa jembe uone unyevu umefika wapi, ndipo ufungue mdomo.

Ukisikia Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza mvua za "wastani", usitafsiri kuwa za kutosha. Wastani ni kati ya asilimia 75 na 125 ya kile ambacho eneo hupata kwa kawaida. Tena ni jumla ya msimu mzima. Ikimwagika yote kwa siku chache halafu ikakata, wastani unaweza kutimia huku mahindi yamekufa. Msikilize mtangazaji mpaka mwisho: itaanza lini, itakata lini, ukavu utaingia katikati au la.

Musoma mjini utasikia kijana fulani "kala mvua 30". Usiulize mashamba yake yakoje. Hiyo ni miaka 30 jela, kama anayopewa mtu wa unyang'anyi wa kutumia silaha. Mama yake akiwa karibu, sema kifungo, tena kwa sauti ya chini.

Na mbele ya wazee wa kabila la Ikizu, mvua si mzaha. Katika masimulizi yao, Nyakinywa, mwanamke aliyejua kuleta mvua, ndiye aliyeshika utemi. Naona walichagua vizuri: walimpa nchi mwenye kitu ambacho kila chungu cha nyumbani kilikitegemea.

Basi ukipiga simu Mugeta msimu huu, usiulize tu "huko mvua ipo?" Uliza imezama kiasi gani, na wamepanda au bado. Wakisema bado, na wewe una mshahara, tuma hela ya mbegu leo, kabla mvua haijawatangulia.