Namna ya Kumtafsiria Mdogo Wako Filamu ya Angani

Kwanza uwe kifungua mimba. Kazi hii haina mtihani wala cheti. Mwenye rimoti ndiye mwenye lugha. Kiingereza chako ni cha kidato cha pili? Kinatosha, maana mziwanda hana hata hicho.

Anza na Zathura ya mwaka 2005, iliyoongozwa na Jon Favreau. Walter na mdogo wake Danny wanacheza mchezo wa ubao, nyumba inajikuta ikielea angani, na dada yao Lisa anagandishwa kama sato wa kwenye friza. Danny anapoiba hatua kwa kusogeza kete yake, simamisha filamu, rudisha nyuma, tafsiri mara mbili. Walter anapoirudisha kete, mchezo ukamhesabu yeye ndiye mwizi na kumfyonza nje, sema tu: "Upepo huo."

Mtihani wenyewe ni yule mwanaanga wanayemwokoa njiani. Anaungama kwamba zamani alipewa nafasi ya kuomba jambo moja, akaomba mdogo wake asiwe amezaliwa, na akatimiziwa. Tangu hapo anatangatanga peke yake, hana wa kumalizia naye mchezo. Wewe sema analalamikia bei ya mafuta. Mziwanda akiuliza mbona mtu mzima analilia mafuta, mwambie yeye hajawahi kupanga foleni ya mafuta.

Kuhusu sauti, waige watafsiri wa filamu kama Lufufu, aliyetamba Tanzania enzi za kanda za video, na DJ Afro wa Kenya. Ujerumani na Japani kila mhusika hupewa mwigizaji wake wa sauti, na maneno hupimwa yaendane na midomo. Kwetu bwana mmoja huwa askari, binti, jambazi na hata mlango unaogongwa, na mazungumzo yakipwaya anatia chumvi yake. Uzuri wake ni kwamba Walter na Danny wanagombana kwa koo moja, nalo ni lako, kwa hiyo mshindi anajulikana mapema.

Bibi aliye mkekani anataka Kihaya. Mpe dada wa kati kazi ya kutafsiri tafsiri yako. Wale Zorgon, mijusi ya angani inayofuata joto, watamfikia bibi wakiwa wakopeshaji wa kausha damu wanaofuata marejesho. Msimsahihishe, hapo ameielewa filamu kuliko nyote.

Ila E.T. ya mwaka 1982 ifiche kabisa. Elliott anamficha kiumbe wa angani chumbani na kaka mtu, Michael, anaendesha gari la kumtorosha, lakini kiumbe huyo anakoanza kuokota maneno ni kwa Gertie, kitinda mimba, aliyekaa zake anaangalia Sesame Street. Mziwanda akiona hilo atapata mawazo. Utamjua kwa kucheka kabla hujatafsiri. Baadaye atakusahihisha mbele ya bibi, tena kwa adabu: "Samahani kaka, hajasema mafuta." Siku hiyo mkabidhi rimoti, dai koo linakuuma, kisha umwulize taratibu yule mwanaanga alisema nini hasa.