Mwongozo kwa Bakteria Mgeni Mkuyuni

Karibu Mkuyuni, wewe Escherichia coli uliyeteremshwa na mvua ya usiku kutoka vyoo vya mlimani, ambako mwamba haukubali shimo la kina. Umefika mwaloni salama. Sasa tafuta pete.

Pete ni plasmidi, kiduara cha vinasaba kinachokaa pembeni ya kromosomu. Usihangaike kumtafuta ndugu. Sisi watu hurithi kwa wazazi; wewe utapewa na jirani wa spishi nyingine. Wajapani walilionesha hilo mwishoni mwa miaka ya 1950, walipoona bakteria wa kuhara damu na E. coli wakipeana usugu wa dawa. Mwenye pete atakurushia kiuzi chembamba, atakivuta hadi mgusane, kisha atakupitishia upande mmoja wa pete yake. Kila mmoja wenu atajijazia upande uliokosekana. Mtoaji hapungukiwi kitu: kibatari kimewasha kibatari.

Ukibahatika, ndani ya pete utakuta jeni iitwayo CTX-M-15, ambayo asili yake ni bakteria wengine kabisa, jamii ya Kluyvera. Ukiwa nayo, utaivunja dawa ya sindano, seftriaksoni, kabla haijakudhuru. Wala usiende mbali kuisaka: mwaka 2016 mtafiti Nyambura Moremi na wenzake walichapisha kwamba ndiyo iliyotawala miongoni mwa bakteria sugu waliowakuta mwambao wa ziwa hapa Mwanza na ndani ya matumbo ya samaki.

Basi jikalie kwenye utumbo wa sato. Asubuhi mama atampasua juu ya ubao, atautupa utumbo kando, atasuuza kisu kwa maji yaleyale ya ziwa, kisha atampokea mjukuu kwa mkono uleule. Chunguni usiende, moto utakuua. Panda mkononi.

Tumboni mwa mtoto tulia, usimuumize. Anayekubeba haumwi, ndiyo maana hakuna anayekutafuta. Ngoja mafua. Mafua ni ya virusi, lakini dukani watamnunulia dawa ya kuua bakteria, ile ya rangi mbili, vidonge vinne tu. Dawa hiyo haitakupa pete. Itawafagia wenzako wasio nayo, nawe utabaki na nafasi yote. Akipita bakteria aitwaye Klebsiella, mpe pete. Huyo anaweza kuingia kwenye damu ya kichanga, sindano ichomwe na homa isishuke.

Nakuelekeza haya yote kwa kuwa nakuchukia, na nataka wanaokubeba wasikie. Ukikuta ndoo yenye koki na kipande cha sabuni kando ya ubao wa samaki, hapo huvuki.