Mali ya Mjerumani

Wengine wakiingia Soko la Memorial, mjini Moshi, huinamia jinzi na viatu. Mimi huinamia vyombo chakavu. Nikiokota kitu cheusi, kizito, chenye shingo ya madaha, nakigeuza tumbo juu na kutafuta herufi nne: EPNS. Ukiziona, ujue ndani ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, na juu ni ngozi nyembamba ya fedha iliyoshikizwa kwa umeme, ufundi ambao kina Elkington wa Birmingham waliupatia hataza mwaka 1840. Fedha halisi ya Kiingereza hupigwa muhuri wa simba anayetembea. Huyo sijawahi kumkuta Memorial. Wa Serengeti nimewaona mara nyingi zaidi.

Vitu hivi huku kwetu vilikuwa na wenyewe. Walowezi waliolima kahawa kwenye miteremko hii ya Kilimanjaro walikunywa chai kwa heshima zote, na mashamba yao yalipotaifishwa mwaka 1973, nadhani si kila birika lilipanda ndege. Kule Kibosho nilikikuta kile kidude cha kusimamishia mikate ya kubanika, kimesimama sebuleni kwa mama mmoja, kimeshikilia kadi za michango ya harusi. Nikataja bei nzuri. Akaniuliza, "Sasa kadi zangu zitakaa wapi?" Nikaondoka.

Adui wa mkusanyaji si mwizi. Ni usafi. Uchaggani sufuria isiyokuonyesha uso wako ni aibu ya nyumba, na sinia langu la kwanza lilipotua jikoni kwa Mama, Uru, lilipokelewa kwa stilwaya na majivu. Fedha yote ikaenda na povu. Likabaki na unjano uliopauka, na kila mtu akanipongeza kwa jinsi lilivyotakata.

Krismasi iliyofuata, ukoo ulipopanda mlimani kutoka Dar na Arusha, nilileta kijiko kikubwa cha kupakulia. Shangazi akakichomeka kwenye bakuli la viazi na mayai, vya moto, ndipo mzee wa kanisa akaanza kuomba. Aliombea safari, kahawa, ada za shule na walioshindwa kupata basi. Tulipofumbua macho, kijiko kilikuwa na doa la hudhurungi, na ncha yake imeingia weusi.

Baba mkubwa akaweka sahani chini. "Hiki chakula amepika nani?"

Wote tulijua amepika nani. Shangazi na yeye wana kesi ya mpaka wa kihamba, na isale zilizopandwa pale kama alama zimeng'olewa na kurudishwa mara kadhaa. Nikasimama kueleza kwamba yai lina salfa, na salfa ikikutana na fedha huifanya nyeusi.

"Kwa hiyo yai lina sumu?"

Shangazi hakujibu. Alilivuta bakuli, akakaa mbele yake, akala mpaka likaisha, bila kupepesa macho. Sisi wengine tukashukuru kwa mtori.

Binti wa jikoni alikuwa tayari ameshika stilwaya. Nikamwahi. Nikakilaza kijiko kwenye sufuria ya alumini, nikatia magadi na maji yanayochemka: salfa huiachia fedha na kuvutwa na alumini. Jiko likanuka yai viza. Kijiko kikatoka cheupe, kinang'aa. Kilichokuwa cheusi sasa ni sufuria ya Mama, ile ile ya kujitazamia uso.

Mama akaitazama ndani, kisha nje. "Umetoa uchawi kwenye kijiko," alisema, "ukauhamishia kwangu."

Baba mkubwa akaipeleka habari kilabuni, na kufikia kata ya tatu ya mbege kijiko kilikuwa kimegeuka sanduku zima. Huku kwetu wapo wanaoamini kabisa kwamba Mjerumani alipokimbia vita alifukia mali. Haikuchukua muda, kijana mmoja akanifuata akiwa na dira mkononi, akitaka tuchimbe pamoja chini ya migomba, tugawane nusu kwa nusu.

Nikamkalisha, nikampa birika, nikamgeuzia tumbo lake asome mwenyewe: Sheffield, England. Wajerumani, nikamwambia, hawahusiki hapa.

Akalisoma taratibu, akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mwalimu aliyepata mwanafunzi mzito.

"Meku, wale watu walikuwa wajanja. Waliandika Kiingereza makusudi."