Salamu kutoka kwa Maharamia wa Devon

Kwa jamaa zangu wote wa barazani,

Mimi ni mzima wa mwili, ila kwa upande wa akili sina hakika, kwani tangu baridi ianze kuingia huku Devon nimekabidhiwa usimamizi wa mchezo wa kuigiza wenye nyimbo, unaochezwa katika ukumbi wa kanisa na watu ambao mchana ni wauza samaki, makarani wa posta na wastaafu wa kila namna, na jioni, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, huwa maharamia.

Mchezo wenyewe waitwa The Pirates of Penzance, maneno ya Gilbert na muziki wa Sullivan, na ingawa wanakamati watawaambieni kuwa waliuchagua kwa uzuri wake, mshika fedha wetu aliniambia faraghani kuwa Sullivan alifariki mwaka 1900 na Gilbert mwaka 1911, kwa hiyo hapana tena mrithi wala wakili awezaye kubisha hodi kudai ijara, na hilo, asema, ni uzuri usio kifani. Kisa chake kingewastahilini hapo barazani. Kijana mmoja amefungwa na mkataba awatumikie maharamia hadi sikukuu yake ya ishirini na moja ya kuzaliwa, ilhali alizaliwa tarehe 29 Februari, naye kwa uaminifu wa kupita kiasi yu radhi kungoja mpaka aote mvi. Na maharamia wenyewe wana huruma hata hawamwibii yatima, habari ambayo imekwisha kuenea baharini, basi kila chombo wanachokishika hukikuta kimejaa mayatima, kuanzia nahodha hadi mpishi.

Mashaka yetu makubwa ni wanaume. Wanawake huja kwa wingi, lakini wanaume hutafutwa kwa tochi, na fundi aliyekuja kutazama bomba la maji alijikuta ameshikishwa karatasi ya nyimbo kabla hajafungua mfuko wake wa spana. Na kwa kuwa mwishoni maharamia hupigana na polisi, haiwezekani watu wale wale wawe pande zote mbili; almuradi polisi wetu ni wanawake. Sajini wao ni mwalimu mstaafu, bibi wa sauti nzito na nidhamu nzito zaidi, ambaye kila jioni huchorwa masharubu kwa wanja. Usiku mmoja aliondoka bila kuyafuta, akapita dukani kununua maziwa, na kesho yake akaja amehamaki, si kwa kuwa watu walimtazama, bali kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumtazama. Staha ya Waingereza ndiyo hiyo.

Msidhani kuwa mimi hushughulika na sanaa. Kazi yangu ni viti, funguo na birika la chai, maana mapumziko ya chai katikati ya mazoezi yamekuwa kama faradhi, na asiyeyaheshimu hana kikundi. Kadhalika nimekuwa tarishi baina ya mwelekezi na mpiga piano, ambao hawasemezani kwa ajili ya mwendo wa wimbo mmoja: wamesimama hatua mbili, na mmoja huniambia nimwambie mwenzake apunguze kasi, na mwenzake hunijibu nimwambie kuwa amekwisha kusikia. Nami nilidhani fitina za namna hii ni mali ya vikundi vya taarabu peke yake!

Nikikata tamaa hujiliwaza kwa tarehe 30 Desemba 1879, siku mchezo huu ulipochezwa kwa mara ya kwanza hapa Devon, katika mji wa Paignton. Wamarekani walikuwa wameshauchukua mchezo wa nyuma wa Gilbert na Sullivan, H.M.S. Pinafore, wakaucheza bila ya kulipa kitu, basi safari hii wenyewe walitaka kuihifadhi haki yao mapema. Waigizaji walifanya mazoezi mara moja tu, wakapanda jukwaani na karatasi mikononi na leso zimefungwa vichwani, ndio uharamia huo. Kesho yake ukafunguliwa rasmi New York, ambako Sullivan, aliyekuwa amesahau Uingereza rasimu za muziki wa sehemu ya kwanza, alilazimika kuzitunga upya kwa kukumbuka. Nami hulalamika kwa kukosa kofia mbili za polisi!

Sasa habari ya usiku wa kwanza. Alikuja ami yetu wa London, kanzu, kofia ya viua, udi mtindo mmoja, akaketi safu ya tatu. Binti anayeigiza Mabel alipofika kwenye wimbo wake mkuu, ambao sauti hupanda hata ukadhani haitateremka tena, nikamwona ami anainuka, nikajua. Akashuka njia ya katikati taratibu, mabega yakifuata mahadhi, noti ya pauni ishirini ameinyanyua hadhara nzima iione. Ukumbi ukanyamaza kama msiba. Mpiga piano shingo imegeuka, vidole vinaendelea vyenyewe. Na maharamia waliokuwa wakingoja kando ya pazia wakatazamana, wakidhani hii ni sehemu ambayo hawakuihudhuria mazoezi yake. Binti, Mungu amjaze kheri, aliipokea bila kuipoteza hata sauti moja, akaichomeka mkandani, akapanda tena juu. Hapo ndipo makofi yalipolipuka.

Nilikwenda kwenye kikao cha kamati nimejiandaa kuomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima. Mshika fedha akauliza maswali mawili tu: fedha ile iandikwe chini ya michango au chini ya tiketi, na je, bwana yule ana ndugu? Aliyenuna ni bibi anayeigiza Ruth, ambaye ameimba nasi miaka mingi kuliko wote na hakutunzwa hata senti.

Na sasa nina ombi. Nilimwazima mkuu wa maharamia kikoi changu ajifunge kiunoni, na tangu siku hiyo wenzake wote wanadai vyao. Nitumieni sita, vya rangi kali. Mshika fedha ameahidi kulipa, ila nawashaurini fedha zifike kwanza, ndipo mwende posta.

Ndugu yenu mtiifu,
Msimamizi wa Maharamia