Mwongozo wa Kupika Dizeli Kitendaguro kwa Kutumia Vitundu

Mkazi mwenzangu wa Kitendaguro, bei ya dizeli imekuchosha na umesikia kwamba mafuta ya kula yanaweza kuendesha injini. Umesikia kweli. Yanatakiwa mafuta, methanoli na kichocheo kizuri. Wataalamu wamehangaika zaidi na kichocheo, basi sisi tuanze na kile ambacho hakijawahangaisha.

Hatua ya 1: Tafuta mafuta yaliyotupwa
Vitabu vinashauri mafuta yaliyokwisha kukaangia, maana eti ni taka na hayana bei. Teremka mjini jioni, penye vibanda vya chipsi, ukaombe taka hiyo. Utaoneshwa karai. Mafuta yamekwisha kuwa meusi, na muuzaji anamiminia mapya juu ya ya juzi, kwa sababu Bukoba mafuta hayatupwi, huongezewa. Mwambie unataka kuyafanya dizeli, naye atakutajia bei kabla hujamaliza kusema. Jaribu mafuta ya sangara, nayo utakuta yana wenyewe. Senene usiwaguse. Wanajikaanga kwa mafuta yao, na anayefikiria kuwakamulia injini hatapata wa kumzika.

Hatua ya 2: Tengeneza sabuni
Njia ya mkato ni kuyeyusha kostiki soda ndani ya methanoli na kuchanganya na mafuta. Kwa mafuta mapya, ndani ya saa moja hivi kazi imekwisha. Lakini mafuta ya karai yamepigwa na moto na maji ya viazi mpaka yakaachia asidi zake, na asidi hizo zikikutana na kostiki zinakuwa sabuni. Ukiona uji mzito usiotengana, usihuzunike. Kata vipande, uza, na uwaambie watu kuwa huo ndio uliokuwa mpango.

Hatua ya 3: Nunua vitundu
Tiba ya wataalamu ni kuacha kostiki na kutumia asidi iliyoshikizwa ndani ya silika. Silika ndiyo hiyo iliyomo kwenye mchanga, ila hii imetobolewa vitundu vya nanomita chache. Asidi haigeuzi mafuta yako kuwa sabuni, na kazi ikiisha unauchuja unga wako na kuutumia tena. Mwaka 1992 watafiti wa kampuni ya Mobil walitangaza silika iitwayo MCM-41. Mwaka 1998 wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, wakaleta SBA-15 yenye vitundu vipana zaidi, jambo linalotufaa sisi, maana molekuli ya mafuta ni nene na haipiti kila mlango. Gramu moja ya MCM-41 ina eneo la ndani la mita za mraba zipatazo 1,000. Gramu saba, zinazoenea kiganjani, zinakupa karibu eneo la kiwanja cha mpira cha Kaitaba. Utauziwa kwa bei ghali mahali pasipo na kitu.

Hatua ya 4: Au jitobolee mwenyewe
Choma pumba za mpunga. Karibu sehemu moja ya tano hubaki majivu, na sehemu kubwa ya majivu hayo ni silika. Moto usizidi, la sivyo silika inageuka fuwele na kuwa mvivu. Iyeyushe kwa kostiki, ileile uliyoitukana katika hatua ya 2. Sasa weka kalibu, yaani kitu ambacho silika itajijenga kukizunguka, kisha ukiunguze yabaki matundu. Profesa Egid Mubofu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumia mafuta ya maganda ya korosho kwa kazi hiyo, kwa hiyo kalibu inapatikana nchini. Imebaki tanuru la nyuzi 550 kwa saa kadhaa. Hapo Mhaya asitishwe. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba mababu wa hapahapa kandokando ya ziwa walipata chuma cha pua katika matanuru yao miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Joto kwetu si tatizo. Tatizo ni kulituliza hapo kwenye 550 huku umeme ukikatika.

Hatua ya 5: Pika
Shikiza asidi ndani ya vitundu, kisha changanya unga huo na mafuta na methanoli. Usibadilishe methanoli kwa gongo. Gongo ina maji, na maji yanairudisha kazi nyuma. Wala usiionje methanoli, maana inapofusha na kuua, hapa sitanii. Inachemka kwenye nyuzi 64.7, basi funika vizuri na usisogeze jiko la mkaa karibu. Halafu subiri. Asidi inaamini kabisa kwamba haraka haina baraka. Mwishoni gilisarini itatuama chini, kama kilo 10 kwa kila kilo 100 za mafuta.

Hatua ya 6: Rudia
Unga hutumika tena, ila kila mara vitundu vinaziba na asidi kidogo inaondoka na maji ya kuoshea. Ukishindwa kuendelea, andika kuwa matokeo yanatia moyo.

Hatua ya 7: Tafuta injini
Usimpelekee wa bodaboda, pikipiki yake ni ya petroli. Nenda kwa mwenye Fuso au mashine ya kusaga. Atauliza lita ngapi zinapatikana kwa wiki. Kabla hujajibu, kumbuka Kisarawe. Huko kampuni ya Sun Biofuels ilichukua takriban hekta 8,000 ili ipande mibono ya kukamuliwa mafuta ya dizeli, mwaka 2011 shughuli zikasimama, na wanavijiji wakabaki wakidai ardhi na fidia. Pale hakuna aliyelalamikia kichocheo. Mambo yalikwama mapema, kulekule shambani.

Kwa hiyo mtu akikuuliza umetoa lita ngapi, mjibu kwa mita za mraba.