Andika Mara Moja, Rekebisha Mara Tatu

Mwaka 1995 kampuni ya Sun ilituletea Java na ahadi tamu: andika programu mara moja, itafanya kazi kwenye kompyuta yoyote. Ahadi hiyo imeolewa na kuachika mara kadhaa tangu hapo, na kila posa huja na jina jipya. Airbnb, waliomposa React Native, zana ya kuunda programu za simu, kwa vigelegele, walitoa talaka mwaka 2018. Walitaka msimbo mmoja wa simu zote, wakajikuta wakitunza mifumo mitatu badala ya miwili. Kwenye kompyuta ndiko kwenye vituko hasa: programu iliyoundwa kwa zana ya Electron hubeba tumboni kivinjari kizima cha Chromium. Fungua Slack na Discord kwa pamoja, umewasha vivinjari viwili ili usome neno “poa”.

Watetezi watasema timu ndogo haina fedha za kuajiri mafundi wa Android, wa iPhone na wa Windows. Kweli kabisa. Ila gharama haikufutwa, imehamishiwa kwenye RAM ya mteja, ambaye hata hakuulizwa. Basi, waungwana, mkijisifu kwamba mmebana matumizi, tajeni na aliyepelekewa bili.