Kupima Umbali wa Ndege Bila Kutoka Jasho

Mmemsindikiza binti uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi. Mjomba anakugeukia: "Hivi kutoka hapa mpaka New York ni kilomita ngapi?" Heshima yako iko mezani. Nisikilize.

1. Achana na hesabu ya wataalamu. Imejaa sini, kosini na desimali. Ukisahau alama moja ya kutoa, Nairobi inahamia kaskazini mwa ikweta. Waachie wanaolipwa.

2. Ikimbie ramani ya ukutani. Nyingi hufuata mchoro wa Mercator wa mwaka 1569, uliotengenezewa mabaharia. Humo Greenland inakaribia kulingana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa mara 14 hivi. Ukiweka rula hapo, ndege utaipitisha Mali na Mauritania bure.

3. Azima tufe la darasani na uzi wa kushonea. Shikiza ncha moja Nairobi, nyingine New York, kisha vuta hadi uzi ukaze. Uache uteleze wenyewe: utapita Chad, utakata Algeria, utatokea baharini kupitia Morocco. Hakuna njia fupi zaidi. Dakika hiyo moja itakufunza umbo la dunia kuliko muhula mzima wa jiografia.

4. Hamishia uzi kwenye ikweta. Utafunika pungufu kidogo ya sehemu tatu za kumi. Kuizunguka dunia ni kilomita 40,000 hivi, na namba hiyo haikuja kwa bahati: Wafaransa wa miaka ya 1790 waliigawa njia ya Ncha ya Kaskazini hadi ikweta mara milioni 10, kipande kimoja wakakiita mita. Tatu ya kumi ni 12,000. Punguza kidogo, sema 11,800. Hesabu kamili hutoa 11,840 hivi. Nani atakugombeza kwa kilomita 40?

5. Huna tufe? Tumia saa. Safari ya moja kwa moja huchukua saa 15 hivi kwenda na 14 kurudi, kwa kuwa upepo wa juu ya Atlantiki huvuma kutoka magharibi. Zidisha 14 na nusu kwa 800: unapata 11,600. Umekosea asilimia 2 tu.

6. Akitokea mjuaji na simu yake, tabasamu. Namba yake ikizidi yako, mwambie wewe umetaja njia fupi kabisa. Ndege hupinda kukwepa dhoruba na anga zilizofungwa. Ikipungua sana, muulize kama anasoma maili: ni 7,350 hivi, au 6,390 za baharini wanazotumia marubani. Yote ni kweli tupu, nawe umesalimika.

7. Tanguliza "takriban", kisha nyamaza. Anayesema 11,837 huulizwa swali la pili. Anayesema "takriban elfu kumi na mbili" huongezewa chai.